Postgres kazini kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa sababu nimechoka kuyajibu kwa simu saa sita usiku. Yanahusu PostgreSQL, programu ya kutunzia databezi ambayo wengi tunaiita Postgres tu, ikiwa kwenye seva ya Ubuntu au Debian, ofisi ya kawaida yenye seva moja au mbili na mtu mmoja anayeitwa "wa IT" hata kama nusu ya siku yake inaishia kwenye wino wa printa. Nikirudia sana "angalia kwanza" univumilie, manake shida nyingi nilizoitiwa zilikuwa ndogo mpaka mtu alipopiga zima-washa.

Kwa nini Postgres na sio nyingine?

Ni ya bure kabisa. Ilianzia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, jina la PostgreSQL likaja 1996, na hakuna kampuni moja inayoimiliki kwa hiyo hakuna siku bosi ataletewa ankara ya leseni. MySQL nayo nzuri, kama unayo na inakwenda usihame kwa kufuata upepo.

Nimeiweka leo, inaniambia "peer authentication failed". Paswadi yake ya mwanzo ni ipi?

Haina. Watu wanahangaika kutafuta paswadi ambayo haipo. Hapo inaangalia wewe ni nani kwenye Linux yenyewe, kama jina lako la Linux ni juma basi inataka uingie kama juma. Mara ya kwanza ingia hivi (psql ni dirisha la kuandikia amri za Postgres):

sudo -u postgres psql

Ukishaingia tengeneza mtumiaji wa mfumo wako, mpe paswadi, mpe databezi yake moja, basi. Na tafadhali usiuache mfumo uingie kwa jina la postgres, huyo ndo mwenye funguo zote za nyumba, siku fomu yako ya kutafutia wateja ikiwa na tundu la kupenyezea SQL (lugha ya amri za databezi) mwizi anaingia moja kwa moja mpaka chumbani.

Kwenye seva yenyewe inaingia ila kutoka kompyuta nyingine inakataa.

Soma inavyokataa. Ikisema "connection refused" maana yake hujafika mlangoni kabisa, Postgres inasikiliza localhost tu, yaani seva yenyewe (ndo inavyokuja), nenda postgresql.conf weka listen_addresses anwani ya seva kisha hapo kweli unaristati. Ikining'inia tu bila jibu ni fayawoli imefunga 5432, mlango wa Postgres. Ikisema "no pg_hba.conf entry for host" basi umefika mlangoni ila jina lako haliko kwenye daftari la mlinzi, ongeza mstari kwenye pg_hba.conf ukitaja databezi, mtumiaji, na anwani za ofisi yako, mwisho scram-sha-256 (njia ya kuhakiki paswadi), afu reload (isome mipangilio upya) inatosha, usizime chochote.

Nshakuta mtu kaandika 0.0.0.0/0 na trust ili "isisumbue". Hiyo ni dunia nzima inaingia bila paswadi. Kama mnaunganisha kutoka mkoa mwingine pitisheni kwenye VPN.

Inasema "too many clients already". Niongeze max_connections iwe 1000?

Subiri. Inakuja na 100, na 3 kati ya hizo zimewekwa akiba kwa ajili ya superuser ili mkubwa aweze kuingia hata nyumba ikijaa. Kila koneksheni kwa Postgres ni prosesi kamili kwenye Linux, inakula ramu, kwa hiyo 1000 kwenye seva ya ramu 8GB ni kutafuta balaa lingine. Halafu kuna work_mem, ya kawaida 4MB, watu wanaipandisha mpaka 64MB bila kujua kwamba hiyo sio ya seva nzima, ni ya kila zoezi la kupanga ndani ya kila kweri (ombi kwa databezi), piga 100 mara 64 uone ni 6.4GB na hapo ni zoezi moja moja tu.

Ukiangalia utakuta 90 kati ya hizo 100 zimekaa tu, mfumo ulifungua haukufunga. Kwanza madevelopa warekebishe huko, pili weka pgbouncer katikati (msimamizi wa koneksheni, yeye anakaa mlango 6432), watu 500 wanaongea na yeye na yeye anaongea na Postgres kwa koneksheni 20, kazi inaenda.

Na ramu je, nigawe vipi?

shared_buffers, ramu ya pamoja ya Postgres, inakuja 128MB, ndogo sana kwa seva ya leo. Anza na robo ya ramu, seva ya 16GB weka 4GB. Mengine usiguse mpaka uwe na sababu.

Mfumo wote umeganda, kaunta hawawezi kuhudumia, watu wamejaa foleni. Niristati?

Hapa ndo nataka tukae kidogo. HAPANA, dakika mbili kwanza, ingia psql andika hivi:

SELECT pid, usename, state, now() - xact_start AS muda, pg_blocking_pids(pid) AS anazuiwa_na, left(query, 60) FROM pg_stat_activity WHERE state <> 'idle' ORDER BY xact_start;

Wa juu kabisa ndo mwenye muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa pamoja) mkongwe kuliko wote, mtilie shaka yeye kwanza. Nitoe mfano ulionikuta, ofisi moja ya akiba na mikopo nisiyoitaja, ijumaa ya mwisho wa mwezi, mstari wa juu uliandika "idle in transaction" na muda 02:47:13. Yaani mtu alifungua muamala saa mbili na dakika arobaini na saba zilizopita, akabadilisha rekodi moja, hajasema COMMIT (kubali) wala ROLLBACK (ghairi). Kijana mmoja wa mifumo alikuwa anarekebisha jina la mwanachama lililokosewa, akaandika BEGIN, akaandika UPDATE, akaitwa kula wali maharage, kutoka hapo akapitiliza benki. Laptopu yake imewaka mezani na muamala uko wazi.

Sasa kwa yeye peke yake isingekuwa tabu, kufuli lake lilikuwa kwenye rekodi moja. Tabu ilikuja mwenzake alipotaka kuongeza safu mpya kwenye jedwali hilohilo la wanachama kwa ALTER TABLE. ALTER inataka jedwali zima peke yake, ikamsubiri wa kwanza, na kila aliyekuja nyuma hata kwa SELECT ya kuangalia salio tu akapanga foleni nyuma ya ALTER. Mtu mmoja kaenda kula, ofisi nzima imesimama. Jamaa walikuwa washaristati mara mbili kabla sijafika, ikawa inaachia kidogo, afu yule wa ALTER kwa bidii yake anaianzisha upya kila mara, na programu ya kijana kwenye laptopu inajiunganisha tena na kurudia ile UPDATE ikiwa na autocommit (kukubali kila badiliko papo hapo) imezimwa. Kwa hiyo ugonjwa ukawa unarudi uleule, na kila zima-washa inafuta ushahidi wa nani alianza.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

SELECT pg_terminate_backend(18422);

ukiweka pid (namba ya prosesi) ya mhusika. Kama anaendesha kweri ndefu na unataka uikate kweri tu bila kumtoa, tumia pg_cancel_backend, ila kwa huyu wa idle haimgusi kwa sababu hana kweri inayokwenda. Usitumie kill -9 kwenye Linux, ukiua prosesi moja hivo Postgres inaogopa kumbukumbu ya pamoja imeharibika, inawatoa watu WOTE na kuanza kujirekebisha.

Baada ya hapo weka idle_in_transaction_session_timeout iwe hata dakika 10, na mwambie kila anayetaka kufanya ALTER aanze na SET lock_timeout = '3s'; ikishindwa ndani ya sekunde tatu inaachia yenyewe, atajaribu tena baadae.

Diski imejaa na Postgres imezima. Nimeona folda ya pg_wal ina 80GB, nifute?

Toa mkono hapo! Ile sio logi ya kusoma. Zamani folda iliitwa pg_xlog na watu wakawa wanaifuta kwa sababu ya hilo neno log, mpaka toleo la 10 mwaka 2017 wakabadilisha jina. Humo ndo kuna WAL, daftari la kila badiliko lililofanyika ambalo huenda bado halijafika kwenye mafaili ya data, vipande vya 16MB. Ukifuta kwa mkono databezi inaweza isiwake tena.

Tafuta nafasi kwingine kwanza: logi za zamani kwenye /var/log, bakapu za mwaka juzi ambazo mtu aliziacha hapohapo, apt clean. Mi huwa naweka faili la bure la 1GB au 2GB kwenye diski ya data tangu siku ya kwanza, halina kazi yoyote, siku ya kujaa nalifuta hilo napata pa kupumulia. Ikishawaka uliza kwa nini imejaa, na mara nyingi ni mojawapo ya mawili. La kwanza, kuna riplika (seva nakala inayoifuata ile kuu) iliyozimwa zamani ila sloti yake (alama ya wapi imefikia) ikabaki, Postgres inamtunzia vitu mtu ambaye harudi:

SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;

ukiona active ni f na unajua riplika hiyo haipo tena, idondoshe kwa pg_drop_replication_slot. Kuanzia toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuiwekea kikomo, ila inakuja bila kikomo, lazima uiweke mwenyewe. La pili, archive_command, amri ya kunakili WAL kwingine, inashindwa kimyakimya, labda seva ya kupelekea imezimwa, angalia failed_count kwenye pg_stat_archiver.

Nimefuta rekodi milioni tatu, mbona diski haijapungua hata kidogo?

Postgres ukifuta rekodi haiiondoi hapohapo, inaiwekea alama tu kwamba imekufa, manake kuna mtu mwingine anaweza kuwa bado anaiona kwenye muamala wake. Hata UPDATE inaandika rekodi mpya na kuacha ya zamani. Baadae anapita mfagiaji, autovacuum, anaifanya ile nafasi itumike tena na rekodi mpya za jedwali hilohilo. Kwa hiyo faili halipungui, ila litaacha kukua kwa muda.

Ukitaka nafasi irudi kwa Linux kuna VACUUM FULL, ila inaandika jedwali upya kwa hiyo inataka nafasi nyingine ya kutosha nakala nzima, na inafunga jedwali hata kusoma hairuhusu. Usiku, na kwa sababu maalumu.

Kuna wanaozima autovacuum wakisema inakula diski. Jamani. Mfagiaji akichelewa uchafu unaongezeka, akija anakuta kazi kubwa zaidi, mnamlaumu yeye. Kwa kawaida anaamka rekodi zilizokufa zikifika 50 jumlisha asilimia 20 ya jedwali, kwa jedwali la rekodi milioni 50 hiyo ni milioni 10 za uchafu ndo aamke, kwa hiyo kwa majedwali makubwa mwamshe mapema:

ALTER TABLE miamala SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);

Na kuna jambo kubwa zaidi, namba za miamala ni za biti 32, ikikaribia umri wa bilioni 2 bila kufagiliwa Postgres inakataa kuandika kabisa ili isipoteze data. Mara moja kwa mwezi angalia SELECT datname, age(datfrozenxid) FROM pg_database. Kawaida mfagiaji anajilazimisha ikifika milioni 200, ukikuta bilioni moja kuna kitu kinamzuia, na mara nyingi ni yule yule wa muamala wazi wa kwenye swali la juu.

Bakapu nafanyaje?

Kwa ofisi ndogo, kila usiku:

pg_dump -Fc -f /bakapu/wanachama.dump wanachama
pg_dumpall --globals-only > /bakapu/watumiaji.sql

Ya pili watu wanaisahau. pg_dump inachukua databezi moja, watumiaji na paswadi zao hawamo, siku ya kurudisha unakuta data ipo ila hakuna anayeweza kuingia. Kama ofisi haiwezi kuvumilia kupoteza hata nusu siku basi uende kwenye pg_basebackup na kuhifadhi WAL, hapo unaweza kurudi mpaka dakika moja kabla ya mtu kufuta.

Kuhusu saa sasa. Bosi alisema bakapu ipigwe saa nane usiku, kijana akaandika kwenye cron (ratiba ya kazi za Linux) 0 8 * * *. Saa nane yetu kwa kompyuta ni 2, hiyo 8 ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo kila siku ofisi inafungua milango na bakapu nayo inaanza kukokota diski, miezi minne watu wanalalamika "asubuhi mfumo mzito" na wanalaumu intaneti. Tena kama seva iko kwenye UTC (saa ya dunia), saa nane usiku ya Dar au Nairobi ni 23 ya siku iliyotangulia. Andika date kwenye seva uone kabla hujaandika cron.

Afu kuna wanaofanya pg_dump ikimwaga kwenye gzip (ya kubana mafaili) kwa bomba. pg_dump ikifa katikati gzip yenyewe inamaliza salama, cron inaona mambo safi, una faili la nusu data, au la baiti 20 tu kama ilikufa mwanzoni, lenye tarehe ya leo. Weka set -o pipefail juu ya skripti.

Na uirudishe kweli, kwenye kompyuta nyingine, walau mara moja kwa mwezi: createdb jaribio, halafu pg_restore -d jaribio -j 4 /bakapu/wanachama.dump, kisha hesabu rekodi za jedwali mnaloliamini. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya huduma za madevelopa, walifuta kwa bahati mbaya folda ya data ya seva yao kuu, walipokimbilia bakapu wakakuta pg_dump ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati seva ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa inagoma, na barua pepe za kuwaambia inagoma zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski ambayo mtu aliichukua masaa sita kabla yake kwa shughuli nyingine. Wale ni watu wa kazi hiyo, na wakaeleza kila kitu hadharani, mi nawaheshimu kwa hilo.

Tuna riplika, si ndo bakapu hiyo?

Hapana. Ukiandika DELETE ukasahau WHERE, riplika nayo inafuta, tena kwa haraka ya kupendeza.

Umeme umekatika ghafla, data imeharibika?

Huku kwetu hili ni swali la kila wiki. Kama hujachezea mipangilio, hapana. Kabla hujaambiwa COMMIT imekubali, badiliko lilishaandikwa kwenye WAL na kusukumwa mpaka diski, umeme ukirudi inasoma WAL na kumalizia, kwenye logi utaona "database system was not properly shut down, automatic recovery in progress". Iache imalize, usiizime tena kwa kukosa subira. Ila kama kuna mtu alisoma mahali akaweka fsync = off (isisubiri diski) ili iwe nyepesi, hapo hakuna dhamana yoyote, na diski zingine za bei chee zinasema "nimeandika" wakati bado, kwa hiyo UPS ya seva bado inahitajika hata kama Postgres ni hodari. Kama unataka wepesi na uko tayari kupoteza miamala ya sekunde ya mwisho tu bila kuharibu kitu, ipo synchronous_commit = off.

Kweri ilikuwa inachukua nusu sekunde sasa inachukua dakika.

Weka EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele yake, itakuonyesha inavyotekelezwa. Angalizo: inaiendesha kweli, ukiiweka mbele ya DELETE imefuta, kwa hiyo anza na BEGIN maliza na ROLLBACK (usiende kula katikati). Ukiona inasoma jedwali zima kupata rekodi tatu, indeksi (faharasa ya jedwali) haipo au haitumiki. Watu wengi wanadhani ukiweka foreign key (kiungo cha jedwali la mtoto kwenda la mzazi) indeksi inakuja, upande wa mtoto haiji, itengeneze. Na kwenye mfumo unaofanya kazi tengeneza kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, haizuii watu kuandika, ila ikikwama njiani inaacha indeksi mbovu yenye alama ya INVALID, idondoshe urudie. Kama hujui kweri ipi ni mzigo washa pg_stat_statements, itakutajia.

Namba za risiti zinaruka, mkaguzi anauliza 4512 iko wapi.

Muamala ulianza, ukachukua namba, ukafeli. Sequence (kigawa namba cha Postgres) hairudishi namba, na seva ikianguka inaweza kuruka hata zaidi ya 30 kwa mkupuo. Hakuna aliyeiba. Kama sheria inataka risiti zisiruke, usitumie sequence, tunza namba ya mwisho kwenye jedwali lake na uifunge ndani ya muamala huohuo, itakuwa polepole kidogo.

Kuapdeti toleo ni hatari?

Kutoka 16.3 kwenda 16.4 ni kubadilisha programu na kuristati tu, zinatoka kila baada ya miezi mitatu hivi na zinaziba matundu, usizichelewe. Kutoka 13 kwenda 17 ni safari nyingine: pg_upgrade, au dump na kurudisha. Kila toleo kubwa linahudumiwa miaka mitano. Ukimaliza pg_upgrade ya kwenda 17 au chini yake endesha vacuumdb --all --analyze-in-stages, la sivyo kweri zote zinakuwa konokono na watu wataapa toleo jipya ni bovu.

Na kama unachobadilisha ni Linux yenyewe ukaacha folda ya data vilevile, glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ya 2.28 ilibadilisha mpangilio wa herufi, indeksi za maneno zilizopangwa zamani zinaweza kukosa rekodi ambazo zipo. Mama anatafutwa kwa jina "haonekani", ukitafuta kwa namba ya uanachama yupo. REINDEX DATABASE usiku, asubuhi anaonekana.